Tangu Nilipotenga Chungu

Mpendwa Mavyaa,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia tena, lakini mkono umekataa kuandika neno lolote kabla ya hilo.

Nimekaa nje ya jiko, mchana, watoto wako shule na mwanao yuko safarini na lori lake, kama kawaida. Jumamosi hii kina mama wa kikundi chetu cha kanisa wameniomba nizungumze tena juu ya kupunguza gharama za chakula nyumbani. Mara ya kwanza unaikumbuka, ulikuwepo. Safari hii sitaki kusema ya kichwani, maana kichwa changu kilishaniangusha. Nitawasomea barua hii jinsi ilivyo. Kwa hiyo usishangae nikieleza mambo unayoyajua kuliko mimi, wapo watakaoisikia ambao hawakukujua.

Nilipokuja Gede kutoka kwetu Kitui, kuolewa na mwanao Kazungu, nilikuwa mtu wa kujiona. Nilikuwa na kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Watamu, nilikuwa na akaunti benki, na nilikuwa nimeshakata shauri kwamba watu wa huku hawajui kupanga mambo. Sijui nilikata shauri hilo lini, labda kabla sijashuka kwenye basi. Wewe ulinipokea na sahani ya mihogo na chai, ukaniuliza kama kwetu mvua ilikuwa imenyesha. Hukuniuliza kitu kingine siku ile.

Siku ya kwanza kupika kwako nilipika ndengu, ambazo wewe uliziita pojo. Nikakuna nazi kwenye mbuzi, nikaikamua mara moja kwa nguvu zangu zote, nikalimimina lile tui zito juu ya moto mkali huku pojo zenyewe bado ni ngumu kama kokoto. Tui likakatika, likawa vidonge na maji. Machicha nikayashika nikitoka nayo nje kuyatupa. Ulinizuia mlangoni, ukanishika kifundo cha mkono taratibu.

"Mwanangu, hii nazi haijaisha."

Ukatia maji, ukakamua tena. Ukatia maji, ukakamua mara ya tatu, mpaka maji yakatoka kama yaliyooshewa mchele. Ukaniambia hilo jepesi ndilo la kuchemshia, na lile la kwanza, kasimele, lingoje pembeni mpaka chakula kiive. Machicha yakaenda kwa kuku. Mimi nazi ilikuwa ikinitosha mboga ya mara moja tu. Wewe nazi hiyo hiyo ilitosha mboga na wali, na kuku wakapata chao. Nilitazama nikatabasamu, lakini moyoni nilisema, huyu mama ni mchoyo.

Nimeandika neno hilo na nitalisoma mbele za watu. Nilikuona mchoyo. Baadaye nikakuona mfujaji, na sikugundua kwamba mtu hawezi kuwa vyote viwili.

Huo uchoyo niliouona mimi ulikuwa hivi. Hukununua mafuta ya kupimiwa kwenye karatasi ya nailoni hata siku moja. Ulisema ukipimiwa mara thelathini umelipia karatasi thelathini. Ulikubaliana na majirani wawili, mkanunua mtungi mmoja, mkagawana uani kwako. Mahindi uliyatoa Marafa kwa kaka yako baada ya mavuno, gunia zima, tukayapeleka kusaga kidogo kidogo. Mvua ikipiga siku mbili uliniamsha tukachume mboga ya mchunga kando ya njia, nami nikijifunika leso usoni nisionwe na wenzangu wa hotelini. Nyanya ulinunua alasiri, wakati mwenye kuuza anataka kwenda zake na fungu limekuwa kubwa. Lakini hukumbana bei. Nilikuuliza siku moja kwa nini humwambii apunguze tena, na jua ndilo hilo linatua. Ukanijibu, "Na yeye ana watu wanamngoja." Ukalipa, tukaondoka.

Kilichonishinda ni wageni wako. Jamaa wa Marafa akiteremka kwenda hospitali Malindi, alipita kwako. Mama wa kuuza maji akiwa amechoka, alikaa kwako. Ilipofika saa ya sima hukuuliza nani ni nani. Ulisonga, ukaweka katikati, ukasema karibuni. Mimi nilikuwa nikirudi kutoka Watamu jua likizama, nakuta sufuria imeoshwa na chakula changu kimefunikwa kwa sahani, na badala ya kushukuru kwamba kimefunikwa nilihesabu sahani zilizoanikwa. Sita. Siku nyingine tisa. Unga ukawa hauoni tarehe ishirini.

Kisha nikaona kwenye simu mwanamke mmoja anafundisha bajeti ya nyumba. Jiko lake lilikuwa limepakwa rangi nyeupe na makopo yake yameandikwa majina. Alisema kila mdomo nyumbani ujulikane na upimiwe. Nilimtazama mara tatu. Kesho yake nikanunua kopo la plastiki lenye mistari, na Kazungu aliporudi kutoka Mariakani nikamwambia ninataka kutenga chungu. Mama apike kwake, mimi nipike kwangu, na kila mwezi nitampimia fungu lake kwa haki.

Alimaliza kuvua viatu. Kisha akasema, "Kwetu chungu hakitengwi mama akiwa hai." Asubuhi akapanda lori lake akaenda, na mimi nikasubiri lipotee kwenye kona ndipo nikaja kwako.

Ulikuwa unapepeta mahindi. Nilisema maneno mengi: kwamba bei zimepanda, kwamba ni kwa faida ya wote, kwamba wewe hutapungukiwa. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi kazini huku nafua. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ungo uko mapajani.

"Sawa, mwanangu. Nipe na kibiriti basi."

Ukachukua chungu chako cha zamani, ukapanga mafiga matatu nyuma ya chumba chako, na kuanzia siku hiyo tukawa na mioshi miwili katika boma moja. Majirani waliona. Hakuna aliyeniuliza, na mimi nilijua kwa nini hawaniulizi.

Nilikupimia. Tarehe mosi ya kila mwezi nilikuja na kopo langu, unga, mchele, sukari, maharagwe, chupa ya mafuta. Nilipima kwa mstari, Mavyaa, kwa jicho moja. Mtu mzima mmoja, mzee, hali sana. Ulinishukuru kila mara kama mtu aliyeletewa zawadi. Na mwezi wa kwanza ulipokwisha, nikainua mfuniko wa ndoo yangu nikakuta unga umebaki. Karibu robo ya ndoo. Mwezi wa pili vile vile. Nilicheka peke yangu jikoni. Nikampigia Kazungu simu kumwambia ameona sasa.

Wasichana wangu wawili, ambao wakati huo walishaanza shule, walikuwa wameanza kula kidogo, na hilo pia nililifurahia. Kadzo akimega tonge mbili tatu anasema ameshiba. Sidi, mdogo wake, hivyo hivyo. Nilisema wanakua, wanapata adabu ya chakula. Alasiri nikiwa na zamu ya mapema, nikirudi saa kumi, niliona moshi unatoka nyuma kwako, nikajisemea, tazama, mtu mmoja anapika mchana na jioni, halafu mtasema mimi ndiye sijui.

Habari ya robo ndoo yangu ikafika kwenye kikundi. Mwenyekiti akaniomba niwafundishe wenzangu. Nilisimama mbele na kopo langu mkononi, nimevaa gauni la rangi ya zambarau ulilonisaidia kukunja upindo. Nikasema tatizo letu sisi si bei ya unga, ni midomo isiyojulikana. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilipoona wanaitikia, nikaongeza kwamba zipo nyumba zina wazee wanaopika kila siku kana kwamba kuna harusi. Wakacheka. Hakuna asiyejua ninamsema nani. Wewe ulikuwa mstari wa nyuma, Sidi amelala mapajani mwako, na watu walipopiga makofi, ulipiga na wewe, taratibu, usimwamshe mtoto.

Tulirudi nyumbani pamoja. Nilingoja uniseme. Nilikuwa nimeandaa na majibu. Ulitembea mpaka tukafika kwenye mkorosho wa jirani ndipo ukasema, "Umeongea vizuri. Sauti imefika mpaka nyuma."

Nimejaribu kuyasikia tena maneno yale nione kama yalikuwa na kijembe. Hayakuwa nacho. Ningependa yangekuwa nacho.

Ulipungua, nami nilikuona ukipungua. Hili sitalificha. Leso uliyokuwa ukiifunga mara moja ulianza kuizungusha mara mbili. Nilisema ni uzee. Mama yangu mwenyewe angekuwa amepungua vile ningepanda basi usiku. Siku ulipoanguka ukiteka maji ndipo nilipokupeleka zahanati. Muuguzi, msichana mdogo tu, alikupima uzito, akakutazama kope za macho, akasema damu imepungua. Kisha akanigeukia mimi.

"Huyu mama anakula nini?"

Nikamtajia. Unga kiasi hiki, mchele kiasi hiki, maharagwe. Niliyataja haraka na kwa mpangilio, kama mtu anayejitetea mahakamani. Yule msichana akaandika, akanyanyua macho akasema, "Mama, sijakuuliza anapewa nini." Ulikuwa umekaa kitandani, miguu haifiki chini. Ukamwambia, "Nakula, mwanangu. Huyu hunipa." Ukanishika mkono mbele yake.

Nikakuhamishia kwangu. Wiki tano tulirudi kwenye chungu kimoja. Nilikupakulia wa kwanza, nikakukalia mpaka umalize, na hata hapo ulikuwa ukisukuma kipande cha samaki pembeni ya sahani kwa kidole, kwa mazoea, kama kuna mtu anakuja kukichukua. Kazungu aliomba ruhusa kazini akawa anakuosha kichwa. Mimi nilitaka kukuomba radhi kwa maneno ya siku ile kikundini. Nilikuwa bado sijui mengine. Kila nilipovuta kigoda na kufungua mdomo, ulinituma. Nenda kaangalie mboga isishike chini. Nenda kawafungie kuku. Niliporudi ulikuwa umefumba macho, na sikujua kama umelala kweli. Asubuhi ya mwisho uliniuliza kama kwetu Kitui mvua imenyesha. Nilikujibu kwamba sijapiga simu. Saa nne ulikuwa umeshatutoka.

Tulikuzika Marafa, kwa kina kaka zako, kama ulivyotaka. Walikuja watu nisiowajua, wengi mno. Mmoja alikuwa yule mama wa kuuza maji. Kila mmoja alipokuja kunipa mkono alinitajia kitu alichokula kwako.

Sasa naja kwenye lililonifanya niandike.

Baada ya mazishi nilirudi kwenye kupima kwangu. Midomo imepungua mmoja, nilifikiri kwamba unga utabaki zaidi. Mwezi wa kwanza haukubaki. Mwezi wa pili ulikwisha tarehe ishirini na mbili. Mwezi wa tatu tarehe kumi na tisa. Mistari ya kopo ni ile ile, ndoo ni ile ile. Nikawaza panya. Nikawaza mtu anaingia nikiwa kazini. Jioni moja nikawaita wasichana, nikafunua ndoo, nikauliza kwa ukali unga unakwenda wapi.

Sidi akaanza kulia. Kadzo, ambaye sasa ananifikia begani, alitazama chini.

"Mama, hauendi popote. Ni sisi. Zamani tulikuwa tunakula kwa Hawe kwanza."

Hawe, bibi, wanavyokuita wajukuu zako wa Kigiriama. Akanieleza yote. Walikuwa wakitoka shule saa tisa wanakuja kwako, wanakuta sima imeshasongwa na mchunga au dagaa. Kila siku, kwa mwaka mmoja na miezi minne. Uliwakalisha, ukawatazama wakila, ukiwaambia wewe umetangulia kula. Wakimaliza uliwanawisha, wasije na harufu ya dagaa kwangu, ukawaambia: mkifika kwa mama yenu kuleni tena kidogo, msimkatae chakula chake, mkishindwa semeni mmeshiba.

Fungu la mzee mmoja asiyekula sana, nililolipima kwa jicho moja, lilikuwa likilisha watoto wangu wawili. Robo ndoo niliyocheka nayo, niliyoipigia simu Mariakani, niliyosimama nayo mbele ya watu, ilitoka kwenye sahani yako. Na ulipiga makofi ukijua.

Nilifunika ndoo. Nikawaambia watoto wakale. Mimi nilikwenda nyuma ya chumba chako, pale mafiga yalipo, nikalia mpaka kukawa giza. Sijawahi kulia hivyo kwa mtu wa damu yangu.

Tangu hapo watu wameendelea kunisifu. Bei ya kila kitu iko juu, kila mmoja anatafuta njia, na jina langu limeshakuwa jina la anayejua. Ningeweza kwenda Jumamosi na kopo langu nikasema yale yale. Hakuna ambaye angejua, kwa sababu watoto hawasemi na wewe haupo. Usiku mbili nilikuwa nimeamua hivyo. Nakwambia ukweli, kwa sababu nimechoka kuwa na sura mbili mbele yako.

Kina mama watataka mbinu, na mbinu ninazo, zote ni zako. Nitawaambia nazi ikamuliwe mara tatu na machicha yasitupwe. Nitawaambia wakae watatu wanunue mtungi mmoja wa mafuta. Mchunga upo bure kando ya njia na hauna aibu yoyote. Mwezi uliopita nilikwenda Marafa mwenyewe kwa kaka yako kununua gunia, kama ulivyokuwa ukifanya, akanifungia na kunde juu yake na hakuniuliza kitu, na nikajua Kazungu amemwambia. Na nitawaambia kwamba chungu kimoja cha watu sita hula kuni chache kuliko vyungu viwili vya watu hao hao, jambo ambalo mtoto yeyote wa huku analijua na mimi nililipita mwaka mzima na zaidi.

Lakini wakiniuliza nilipunguzaje gharama mwaka ule, nitawajibu kwamba sikupunguza chochote. Nilipunguza mtu. Unga uliobaki ulikuwa wako. Wale waliocheka siku ile nitawaomba wanisaidie kuyarudisha yale makofi, ingawa sijui yanarudishwaje.

Kulikuwa na kitu kimoja tu nilichokuwa sikielewi. Kuwalisha ninaelewa, ni wajukuu zako. Sikuelewa kwa nini ulificha. Ungesema neno moja kwa mwanao, ningepigwa marufuku siku ile ile. Ungesema kwa jirani, ningeaibika Gede nzima. Nilidhani labda ulikuwa ukiniwekea hesabu ya kuja kunisuta nayo siku moja, kwa maana mimi ningefanya hivyo. Basi jana jioni, Kadzo akinisaidia kupepeta, nilimuuliza kama Hawe aliwahi kusema sababu.

Aliendelea kupepeta. Kisha akasema, "Alituambia tukikwambia utaona haya. Na mtu akiona haya huondoka. Akasema, mama yenu ametoka mbali, huku hana mama mwingine."

Mavyaa, nimeona haya. Ninaona haya sasa hivi ninapoandika, na Jumamosi nitaona haya mbele ya watu wote. Sijaondoka. Niko hapa hapa kwako.

Nipe radhi yako. Lala salama.

Mkaza mwanao,
Mama Kadzo